Saraka au injini ya utafutaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaofika kwenye steshenari za Nyegezi, Malimbe na mjini kati, Mwanza: wanafunzi, wafanyabiashara wa samaki, wazazi wanaowatafutia watoto vyuo. Wengi huanza hivi: "Kaka, hiki kitu nakipataje mtandaoni?" Jibu hutegemea kitu chenyewe.

Saraka ya tovuti ni nini, na inatofautianaje na Google?

Saraka ni orodha ya tovuti iliyopangwa na watu kwa mafungu. Kuna fungu la kilimo, ndani yake uvuvi, ndani ya uvuvi maziwa. Mhariri huifungua tovuti, huisoma, na akiona inafaa huiandikia maelezo ya sentensi moja au mbili na kuiweka kwenye fungu lake. Wewe unashuka fungu kwa fungu mpaka unafika.

Kwenye injini ya utafutaji hakuna mhariri wa namna hiyo. Programu hupita kwenye kurasa kwa kufuata viungo, hukusanya maneno yaliyomo na kuyahifadhi kwenye faharasa kubwa. Ukiandika maneno yako, injini huangalia faharasa hiyo na kukupangia kurasa inazodhani zinakufaa. Haiendi kuzunguka intaneti nzima wakati wewe unasubiri. Kwa hiyo ukurasa ambao programu haijaupitia, kwa injini haupo, na tangazo lililobadilishwa leo asubuhi linaweza kuonekana kwenye matokeo kwa maneno yake ya wiki iliyopita. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba "Google imesema mwisho wa maombi ni tarehe 10", kumbe ukurasa wenyewe umeshasogeza tarehe.

Kipi kilitangulia?

Vilikua pamoja. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza Archie, iliyotafuta majina ya mafaili tu wala si maandishi ya ndani. Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti yenyewe, alianzisha orodha iliyokuja kuitwa WWW Virtual Library, ambayo kila fani ilishikwa na mjuzi wake. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, wakaanza kuorodhesha tovuti walizozipenda. Orodha hiyo ndiyo iliyozaa Yahoo. Injini ya utafutaji iitwayo AltaVista ikaja Desemba 1995. Mwaka 1998 ulileta vyote viwili: Google, na saraka ya watu wanaojitolea iliyojulikana kama DMOZ.

Kilichoipaisha Google ni namna ya kupanga matokeo. Injini nyingi za awali zilitazama zaidi maneno yaliyo ndani ya ukurasa, basi wajanja wakawa wanarudia neno moja mara mia. Google ikahesabu pia ni kurasa zipi zinauelekezea ukurasa huo viungo, na kurasa hizo nazo zina uzito gani.

Mbona saraka kubwa zilifungwa?

Google ilifunga saraka yake mwaka 2011, Yahoo ikafunga ya kwake mwishoni mwa 2014, na DMOZ ikazimwa Machi 2017 ikiwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8. Kwa miaka yake yote DMOZ ilipitiwa na wahariri wa kujitolea zaidi ya 90,000, na bado foleni ya tovuti zilizosubiri kusomwa haikuisha. Baadhi ya wahariri wake waliiendeleza kwa jina la Curlie, na ipo mpaka leo.

Wingi wa tovuti ndiyo sababu inayotajwa kila mahali. Mimi naona mafungu nayo yalichangia kwa kiasi kikubwa. Chukua magugu maji ya ziwani kwetu, yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yanaziba mialo, mitumbwi haitoki. Yanafunga njia za vivuko. Yanawapa konokono wa kichocho mahali pa kukaa. Miaka ya 1990 waliletwa wadudu maalumu wa kuyatafuna. Sasa ukurasa unaoyaeleza uende fungu gani? Mazingira? Uvuvi? Usafiri? Afya? Wadudu? Mhariri alichagua moja, na wewe uliyefikiria lingine hukuuona ukurasa huo. Kwenye injini unaandika "magugu maji Mwanza vivuko" na kurasa zinakuja bila kujali nani angeziweka wapi.

Halafu kulikuwa na pesa. Yahoo ilifika mahali pa kutoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka ili zipitiwe na kuorodheshwa. Saraka ikianza kulipisha wanaoorodheshwa, msomaji ana haki ya kujiuliza inamtumikia nani.

Kwa hiyo saraka hazina kazi tena?

Zina kazi sana, ila zimebadilika. Zama za saraka ya kila kitu duniani zimekwisha. Saraka ya jambo moja, inayoshikwa na mtu au ofisi inayowajibika nayo, ndiyo inayofaa leo kuliko zamani, na watu wengi wanaipita tu kwa sababu wamezoea kuandika kila kitu Google.

Mfano tunaouona kila msimu wa udahili. Mzazi anakuja na simu, ameshapata "chuo". Ukurasa una picha za majengo mazuri, vijana wenye majoho, namba ya WhatsApp, na maneno "usajili unaendelea, nafasi chache". Ameupata juu kabisa kwenye matokeo, kwa hiyo anaamini umehakikiwa. Hakuna aliyeuhakiki. Injini imejibu swali la "kurasa zipi zina maneno haya na zinaelekea kupendwa na watafutaji?", wakati swali la mzazi ni "je, hiki chuo kinatambulika?" Hilo lina mwenye kulijibu: kwa vyuo vikuu ni TCU, kwa vyuo vya kati na vya ufundi ni NACTVET, na zote zina orodha mtandaoni. Ukikosa jina kwenye orodha, piga simu ofisini kwao kabla ya kutuma hata shilingi ya fomu.

Vivyo hivyo kwa dawa: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ina daftari la dawa zilizosajiliwa nchini, unaweza kulifungua ukiwa umesimama dukani. Kwa kampuni na majina ya biashara kuna BRELA, wakala wa usajili wake. Mtu anayekuambia "nina kampuni Dar, nitanunua mabondo yako yote, tanguliza mzigo" hapaswi kuhakikiwa kwa kurasa zake za Instagram. Usajili peke yake haumfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini asiyekutwa kabisa kwenye daftari ameshakupa jibu la kwanza.

Sisi tunapima hivi. Swali likiwa "kipo wapi?" au "nani kaandika kuhusu hili?", anza na injini. Likiwa "kimeidhinishwa?", "kimesajiliwa?" au "nionyeshe vyote vilivyopo", tafuta orodha ya anayehusika.

Si Google itanipeleka kwenye orodha hiyohiyo?

Itakufikisha mlangoni. Madaftari mengi ya namna hii yana fomu: unaandika jina, unabonyeza kitufe, jibu linatengenezwa palepale. Kwa kawaida programu za injini hazijazi fomu, kwa hiyo majibu yaliyo ndani hayamo kwenye faharasa. Kukosa jina la kampuni kwenye Google hakumaanishi kwamba haijasajiliwa, na kulikuta hakumaanishi kwamba imesajiliwa.

Tumia injini kufika mlangoni, na ufike mlango wenyewe. Andika site:go.tz kisha maneno yako, bila nafasi baada ya nukta mbili, mfano:

site:go.tz leseni ya uvuvi

Hapo utapata kurasa za serikali tu, kwa sababu anwani zinazoishia go.tz hupewa taasisi za serikali. Vyuo na shule hutumia ac.tz na sc.tz. Kisha soma anwani kabla hujajaza chochote. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, halafu angalia kilicho kushoto kwake mara moja. Ikiwa ni go.tz, sawa. Matapeli hupenda kuweka go.tz katikati na kumalizia na kitu kingine, kama vile jina la ofisi, go.tz, nukta, halafu neno la kuvutia na com. Kwenye simu ndogo mwisho wa anwani hauonekani, kwa hiyo iguse anwani na uisogeze mpaka uuone.

Natafuta habari za samaki wa Ziwa Victoria na napata vitu vichache, tena vimechanganyika. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali la wanafunzi wengi wa uvuvi na mazingira. Mara nyingi tatizo ni maneno uliyoandika, kwa sababu injini inafuata maneno, na ziwa letu lina nchi tatu.

Anza na dagaa. Ukiandika "dagaa" peke yake utaletewa dagaa wa Kigoma, ambao ni samaki wengine kabisa wa Ziwa Tanganyika, na dagaa wa baharini juu yake. Andika dagaa Victoria -Kigoma. Ile alama ya kutoa iliyogusana na neno huondoa kurasa zenye neno hilo. Halafu kumbuka kwamba samaki huyohuyo Kenya anaitwa omena na Uganda mukene. Utafiti uliofanyika Kisumu au Jinja hautatumia neno lako. Jina linalokusanya wote ni la kisayansi: Rastrineobola argentea. Sangara ni Lates niloticus, ambaye Wakenya humwita mbuta. Sato ni Oreochromis niloticus. Kwa wanafunzi, hatua hii moja ya kubadilisha jina hubadilisha matokeo kuliko ujanja mwingine wowote.

Kiswahili kina shida yake ya pili. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: mvuvi, wavuvi, uvuvi, wanavua, uliovuliwa. Usiiachie injini ijue kwamba hayo yote ni ukoo mmoja. Ukiandika "mvuvi" ukakosa, jaribu "wavuvi", kisha "uvuvi". Ukitaka maneno yakae pamoja kwa mpangilio wake, yafunge kwa alama za kunukuu: "vizimba vya samaki" bila alama hizo huleta hata vizimba vya kuku.

Baada ya hapo ndipo saraka za kitaaluma zinapokuja. DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi mwaka 2003, ni saraka ya majarida ya kitaaluma yanayosomwa bure, na kila jarida hukaguliwa kabla ya kuingizwa. African Journals Online, yenye makao Afrika Kusini, imekusanya majarida ya bara hili. Tafiti nyingi kutoka vyuo vyetu zimejificha humo. FishBase ina ukurasa kwa kila aina ya samaki, pamoja na majina yake ya mitaani nchi kwa nchi, kwa hiyo unaweza kuanza na jina unalolijua ukatoka na la kisayansi. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania ambayo ina kituo hapa Mwanza, na LVFO, taasisi ya uvuvi ya ziwa zima yenye makao Jinja, nazo zina ripoti. Ripoti nyingi ni za PDF. Ongeza filetype:pdf kwenye utafutaji wako uone.

Ukikuta makala moja nzuri, shuka kwenye orodha ya marejeo yake. Hiyo nayo ni saraka, imepangwa na mtu aliyesoma mada yako kabla yako.

Matokeo ya juu kabisa ndiyo bora?

Hapana. Ya kwanza mara nyingi ni matangazo, yenye alama ndogo inayosema hivyo. Yanayofuata yamepangwa kwa kukisia unachotaka, kwa kuangalia pia mahali ulipo na lugha ya simu yako. Fungua matatu kabla ya kuamini moja.

Siku hizi namuuliza roboti wa mazungumzo, ananijibu moja kwa moja. Bado nahitaji hivi vyote?

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, na tangu Google yenyewe ianze kuweka majibu yaliyotungwa na mashine juu ya matokeo mwaka 2024, swali hili tunalipata kila siku. Kwa kuelewa jambo, roboti anafaa: mwambie akueleze kichocho kinavyoambukizwa, au akupe majina mbadala ya kutafutia. Kwa ushahidi, hafai. Anaweza kukutungia makala isiyokuwepo, yenye mwandishi, mwaka na jina la jarida, vyote vimekaa vizuri kabisa. Wanafunzi wamerudishiwa kazi zao kwa sababu hiyo. Marejeo yoyote aliyokupa, yaandike kwenye injini ukiwa umeyafunga kwa alama za kunukuu. Yasipoonekana popote, yafute.

Kuhusu ada, tarehe za mwisho na namba za malipo, usimuulize kabisa.

Nataka fundi wa injini za boti, au gesti karibu na stendi ya Nyegezi. Nianzie wapi?

Kwenye ramani ya simu. Ukiitazama vizuri, ramani ni saraka ya biashara iliyovaa sura mpya: ina mafungu, saa za kufungua, picha, namba na maoni ya wateja. Ubaya wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko, na duka lililofungwa miaka miwili iliyopita linaweza kuwa bado "linafunguliwa saa mbili asubuhi". Soma maoni ya karibuni, achana na yale ya nyota tano yasiyo na maneno.

Namba za huduma kwa wateja za benki na mitandao ya simu usizichukue kwenye ramani wala kwenye matokeo ya utafutaji. Chukua kwenye kadi yako ya benki au kwenye tovuti yao wenyewe.

Kwa fundi wa injini za boti, kusema kweli, nenda mwaloni ukaulize. Wengi wao hawapo mtandaoni na wana kazi za kutosha.

Nauza samaki wa kukausha. Nijiorodheshe kwenye saraka au nihangaike na Google?

Anza na ramani, ni bure. Andika jina la biashara na namba ya simu vilevile kila mahali. Jina likiwa tofauti Facebook, tofauti kwenye ramani, tofauti kwenye bango, mteja na injini wote watadhani ni biashara tatu. Andika unachouza kwa maneno. Wauzaji wetu wengi huweka kila kitu ndani ya picha ya tangazo lenye rangi nyingi, bei humo, namba humo, na maandishi yaliyo ndani ya picha injini huyasoma kwa shida.

Kama kuna orodha ya wanachama wa chama chenu cha ushirika au ya maonyesho mliyoshiriki, hakikisha umo. Wanunuzi wa jumla kutoka mbali hupitia orodha za namna hiyo.

Atakayekuja kukuuzia huduma ya "kukusajili kwenye saraka 500 ndani ya siku moja", mpe maji anywe aende zake. Saraka hizo hazina msomaji, zilitengenezwa kwa ajili ya kuihadaa injini ihesabu viungo vingi. Tangu Aprili 2012 Google ilipotoa badiliko liitwalo Penguin, viungo vya kununua namna hiyo vinaweza kukushusha badala ya kukupandisha.

Kipi kinakula bando zaidi?

Orodha ya maandishi ni nyepesi. Kinachokula bando ni kufungua kurasa kumi zenye video ili kupata namba moja ya simu. Ukishaipata orodha unayoitumia mara kwa mara, iwekee alamisho kwenye kivinjari, usianze kuitafuta upya kila siku.

Tunaweza kutengeneza saraka yetu wenyewe, ya shule au ya kikundi?

Mnaweza, na hata jedwali la kawaida linatosha. Walimu wa somo moja kutoka shule chache za Ilemela na Nyamagana wakiweka pamoja viungo 40 vilivyosomwa kweli, kila kimoja na sentensi inayosema kinafaa kidato gani, wanafunzi watasaidika kuliko kupewa "katafuteni mtandaoni". Wekeni tarehe kila kiungo kilipokaguliwa mara ya mwisho, na mchague mtu mmoja wa kuishika. Orodha ya kila mtu huwa haina mtu.

Nimetafuta "bei ya dagaa Kirumba leo" kila mahali, sipati. Nitumie saraka gani?

Hakuna. Bei ya mwaloni hubadilika kati ya alfajiri na saa nne, na wanaoijua hawaiandiki kwenye tovuti. Inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako injini haiingii. Omba kuingizwa kwenye grupu la wachuuzi, au mpigie mtu aliyeko pale sasa hivi. Na umpigie mapema, kabla mzigo haujapakiwa.